Kijana anapokwenda fildi serikalini: amana iliyo mkononi mwake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake, Sahaba zake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la dini. Kila mwaka vyuo vyetu vinapofunga kwa likizo ndefu, maelfu ya vijana huchukua barua za utambulisho na kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, au kwa lugha yao wenyewe, kwenda fildi. Wanaosoma utawala wa umma, sheria, uchumi, uhasibu na sayansi ya siasa hupelekwa katika halmashauri, wizara, mahakama na taasisi za utafiti. Huko hukaa wiki kadhaa, husoma mafaili, huuliza watu maswali, hujaza kitabu cha kazi za kila siku, na mwisho huandika ripoti juu ya namna mambo ya umma yanavyoendeshwa. Wapo pia waliokwisha kuhitimu, ambao huingia ofisini kwa mpango wa utarajali kabla ya kupata ajira.

Sisi wazazi tunachouliza ni nauli kiasi gani, atalala kwa nani, na je, huko kuna mtu wetu wa kumshika mkono ili baadaye apate kazi. Ni maswali ya haki. Lakini hatumuulizi swali la kwanza kabisa: mwanangu, unajua ni amana gani unakwenda kuikamata?

Kisa cha kijana aliyetujia

Lililotusukuma kuandika makala haya ni kijana mmoja aliyepata kusoma kwetu madrasa tangu alif hadi akahitimu juzuu zake, kisha akaenda chuo kikuu kusomea utawala. Baada ya Swala ya Isha alibaki msikitini mpaka watu wakatoka. Akasogea, akaamkia, akasema: “Sheikh, nina jambo linanikosesha usingizi.”

Alikuwa fildi katika ofisi moja ya umma ambayo hatutaitaja. Mada ya utafiti wake ilikuwa matumizi ya fedha za semina na mafunzo ya watumishi. Wiki ya kwanza msimamizi wake alimletea karatasi ya mahudhurio akamwambia aandike jina na kutia saini. Akatia. Jioni akapewa bahasha yenye shilingi 60,000, akaambiwa ni posho ya siku mbili za semina. Semina hiyo yeye hakuihudhuria. Hata mahali ilipofanyika hapajui. Lakini alikuwa na deni la chumba, na kila mtu ofisini alikuwa akicheka na kumwambia karibu serikalini. Akazipokea.

Wiki ya tano, akiwa katika kazi yake ya utafiti, alifungua faili la semina ileile. Akakuta orodha ndefu ya majina na saini. Akakuta na jina lake. Kisha akalinganisha na kitabu cha ruhusa na safari cha ofisi hiyohiyo, akaona baadhi ya waliotia saini siku hizo walikuwa safarini au likizo. Alipomweleza msimamizi kwamba hilo ndilo jambo lililojitokeza katika utafiti wake, msimamizi alimtazama kwa upole akamwambia: “Kijana wangu, ripoti yako ninaisaini mimi. Andika changamoto ni uhaba wa bajeti.”

Alikwenda nyumbani kutaka shauri. Baba yake akamwambia asiharibu maisha yake kwa jambo la watu wakubwa. Mama yake akamwambia: “Mwanangu, usitutie matatani, tumekopa mpaka umefika hapo.” Ndipo akaja kwetu na maswali mawili. La kwanza, aandike nini? La pili, zile shilingi 60,000 alizokwisha kuzila ni nini kwake mbele ya Mwenyezi Mungu?

Ndugu msomaji, kabla ya kukueleza tulichomjibu, tunaomba turudi pamoja kwa wema waliotutangulia, kwani maswali haya si mapya.

Sifa za aliyepewa kazi ya kukusanya

Baada ya vita vya Yamama, ambamo walikufa shahidi wengi waliohifadhi Qur’ani, Sayyidna Abubakar (RA) aliamua, kwa ushauri wa Sayyidna Umar (RA), kwamba Qur’ani ikusanywe mahali pamoja. Kazi hiyo nzito hakupewa mzee. Alipewa Zayd bin Thabit (RA), ambaye umri wake wakati huo ulikuwa miaka ishirini na ushei, yaani umri wa mwanafunzi wetu wa chuo kikuu.

Imam Bukhari amepokea kwamba Abubakar alipomwita Zayd alimtajia sababu za kumteua: kwamba yeye ni kijana, ana akili, hawamtuhumu kwa jambo lolote, na alikuwa akimwandikia Mtume (SAW) wahyi. Zitazame sifa hizo nne. Ujana una nguvu ya kutembea na kutafuta. Akili ni ya kupambanua. Kutotuhumiwa ndiyo maadili. Na kuandika wahyi ni ujuzi wa kazi yenyewe. Leo vyuo vyetu hupima akili na ujuzi kwa mitihani, na ujana uko wazi kwa macho. Lakini ile sifa ya tatu haina mtihani darasani. Mtihani wake uko fildi.

Zayd mwenyewe alisema kwamba lau angeamrishwa kuuhamisha mlima mmojawapo usingekuwa mzito kwake kuliko kazi ile. Naye alikuwa amehifadhi. Pamoja na hayo hakutosheka na kifua chake. Alizifuatilia aya katika makuti, katika mawe bapa na katika vifua vya watu. Huo ndio utafiti: anayejua asitosheke na kujua kwake mpaka amelithibitisha jambo kutoka nje ya nafsi yake.

Uchunguzi uliofanyika Kufa

Mfano wa pili uko karibu zaidi na maudhui yetu, kwa kuwa unahusu kiongozi wa umma aliyelalamikiwa. Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao kwa Sayyidna Umar. Gavana huyo hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa Saad bin Abi Waqqas (RA), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Malalamiko yalifika hadi kudaiwa kwamba hata kusalisha hajui.

Tuangalie alivyofanya Khalifa, kama ilivyopokewa na Bukhari kutoka kwa Jabir bin Samura. Hakusema kwamba huyu ni Sahaba mkubwa, hivyo walalamikaji ni wahasidi. Wala hakuyachukua malalamiko kuwa hukumu. Alimwita Saad akamweleza anayodaiwa. Saad akafafanua namna anavyosalisha, kwamba hurefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha za mwisho, kama alivyoona kwa Mtume. Umar akamwambia hayo ndiyo aliyokuwa akimdhania.

Hata hivyo hakuishia hapo. Alimtuma mjumbe kwenda Kufa pamoja na Saad mwenyewe, na mjumbe huyo akapita msikiti baada ya msikiti akiuliza. Hakuacha msikiti hata mmoja. Kote watu walimsifu Saad kwa wema, mpaka walipofika msikiti wa Bani Abs. Hapo akasimama mtu mmoja aitwaye Usama bin Qatada akamtuhumu kwa mambo matatu: kwamba haendi na jeshi, hagawi kwa usawa na hahukumu kwa uadilifu. Saad akamuombea kwa Mwenyezi Mungu kwamba, ikiwa mtu huyo ni mwongo aliyesimama kwa kutaka kuonekana na kusikika, basi aurefushe umri wake, aurefushe na ufukara wake, na amtie katika fitna. Mmoja wa wapokezi anasimulia kwamba alimwona baadaye, mzee ambaye nyusi zimeshaangukia macho, akiwasumbua wasichana njiani, naye akiulizwa husema kwamba dua ya Saad imempata.

Saad aliondolewa katika ugavana, na Ammar bin Yasir akawekwa mahali pake. Lakini Umar alipokuwa katika wasia wake wa mwisho, alimtaja Saad miongoni mwa wanaofaa ukhalifa, akabainisha kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana.

Kisa hiki kimebeba elimu kubwa ya utafiti wa maadili ya viongozi. Kwanza, hakuna mkubwa asiyeulizwa. Pili, anayelalamikiwa husikilizwa. Tatu, mchunguzi huenda kwa watu badala ya kukaa ofisini. Nne, huuliza mahali pengi, kwa kuwa aliyeuliza msikiti wa Bani Abs peke yake angerudi na habari moja, na aliyeuacha angerudi na nyingine. Tano, sauti moja inayopingana na nyingi haifichwi. Ilisikilizwa mpaka mwisho na imetufikia sisi. Sita, anayesingizia hubeba mzigo wake. Na saba, kiongozi akiondolewa kwa maslahi ya umma bila kuthibitika khiyana, heshima yake irudishwe kwa maneno yaliyo wazi.

Mwanafunzi akiyashika haya saba, atakuwa ameshika sehemu kubwa ya yale anayofundishwa chuoni chini ya jina la mbinu za utafiti.

Maadili ya viongozi katika nchi yetu

Nchi yetu nayo ina historia ndefu katika jambo hili, na inafaa vijana waijue kabla ya kuingia ofisini. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo Sekretarieti ya Maadili ndiyo msimamizi wake. Mwaka 1996 Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa ripoti yake juu ya mianya ya rushwa. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa iliyoipa TAKUKURU sura iliyo nayo. Kwa upande wa Zanzibar, sheria ya maadili ya viongozi ilipitishwa mwaka 2015.

Sheria ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena anapoondoka. Asiyesoma historia ya Uislamu atadhani haya yametoka Ulaya. Wanahistoria wetu wameandika kwamba Sayyidna Umar alikuwa akiorodhesha mali za magavana wake anapowateua, ili ikizidi ajue imezidi kwa njia gani.

Na katika mgongano wa maslahi, tunacho kisa kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik. Watoto wawili wa Umar, Abdallah na Ubaydullah, walipita Basra wakirudi kutoka jeshini. Gavana Abu Musa al-Ash’ari alitaka kuwanufaisha. Alikuwa na fedha za umma za kupeleka Madina, akawakopesha ili wanunue bidhaa Iraq, wauze Madina, walipe mtaji na kubaki na faida. Waliuza wakapata faida. Umar alipojua, aliwauliza swali moja tu: je, jeshi zima lilikopeshwa kama walivyokopeshwa wao? Wakasema hapana. Akataka warudishe mtaji na faida yote. Ubaydullah akajitetea kwamba fedha zingepotea wao wangezilipa. Mwishowe mtu mmoja katika kikao akashauri ifanywe kuwa mudharaba, basi Umar akachukua mtaji na nusu ya faida.

Hakuna mtu aliyeiba katika kisa hicho. Kilichokuwapo ni kwamba mlango ulifunguliwa kwa watoto wa mkubwa na wengine hawakufunguliwa. Swali la Umar ndilo ambalo kijana wetu anaweza kwenda nalo katika ofisi yoyote: je, wote wamepewa kama alivyopewa huyu?

Wala utafiti si lazima uwe wa mambo ya kutisha. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa mbele ya wananchi. Kijana akienda vijiji vitano akauliza mkutano wa mwisho ulikuwa lini, nani alihudhuria, hesabu zilisomwa au hazikusomwa, na kwa nini, atakuwa amefanya kazi yenye manufaa kuliko kurasa 60 za maneno mazito. Anaweza pia kuchukua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo ikishawasilishwa Bungeni husomwa na yeyote, akafuatilia hoja moja tu ya halmashauri moja aone imejibiwa vipi. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi njia ya kuomba taarifa kwa maandishi. Kwa hiyo hana haja ya kuchungulia wala kuiba karatasi. Upekuzi wa siri za watu umekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12, na wanazuoni wa hisba, akiwamo Imam al-Mawardi, wameeleza kwamba hata mhutasibu mwenye mamlaka hana ruhusa ya kupekua yaliyofichika ambayo dalili yake haikudhihiri.

Dhambi za mtafiti mwenyewe

Tusiwahukumu wenye ofisi tukawasahau vijana wetu. Wapo wanaokaa chini ya mti wakajaza madodoso 50 kwa kalamu tatu za rangi tofauti, kisha wakaandika kwamba wamehoji wananchi 50. Wao wanaita kupika takwimu, na hucheka wanapolitaja. Wapo wanaonunua ripoti ya mwaka uliopita katika maduka ya kutoa nakala yaliyo karibu na vyuo, wakabadilisha jina la wilaya. Na siku hizi wapo wanaoiachia programu ya kompyuta iwaandikie yote, nao wasijue hata kilichomo.

Tunawauliza: anayesema mwananchi fulani alisema hivi, ilhali hakumwona, anatofautiana vipi na shahidi wa uongo? Katika Hadithi ya Abu Bakra (RA) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alipokuwa akitaja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, lakini alipofika kwenye kauli na ushahidi wa uongo alikaa sawasawa, akaendelea kulirudia mpaka Sahaba wakatamani anyamaze. Uamuzi wa kujenga kisima hapa na si kule unaweza kutegemea karatasi ile. Kijiji kisichopata maji kwa sababu ya takwimu zilizopikwa kina dai Siku ya Kiyama, na mdaiwa ni yule aliyekuwa chini ya mti.

Binti anapokwenda fildi

Hapa tunasema na wazazi wenye mabinti, na tunasema bila kuficha. Binti akiwa ofisini anategemea saini ya mtu mmoja, na wapo waovu wanaoifanya saini hiyo kuwa bei. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, na mbele ya Mwenyezi Mungu ni dhulma juu ya dhulma. Baadhi ya mabinti hunyamaza kwa sababu wanajua wakisema nyumbani, swali la kwanza litakuwa: ulikwenda kufanya nini chumbani kwake?

Mzazi, mwambie binti yako kabla hajaondoka kwamba akifikwa na hilo akuambie wewe kwanza, na kwamba hutamlaumu. Mwambie asikae faragha na msimamizi mlango ukiwa umefungwa, akitakiwa kukutana nje ya saa za kazi akatae, na ujumbe wowote mchafu wa simu asiufute. Na taarifa ipelekwe chuoni na TAKUKURU. Namba 113 hupigwa bure. Alama iliyopotea hurudiwa mwakani.

Tulichomjibu kijana

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tulianza na swali la pili, kwa sababu mtu huanza na nafsi yake. Tulimkumbusha Hadithi ya Adiy bin Amira iliyopokewa na Muslim, kwamba anayepewa kazi ya umma akaficha hata sindano na kilicho zaidi yake, hiyo ni khiyana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama. Sahaba mmoja wa Kiansari alipoyasikia hayo alisimama papo hapo akaomba aondolewe kazi aliyokuwa amepewa. Na tulimkumbusha mkusanyaji zaka aliyerudi kwa Mtume (SAW) akagawa mali mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa zawadi, naye Mtume akapanda mimbari akahoji kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama atapewa. Wewe, tulimwambia, ungekaa nyumbani kwenu, ungeletewa bahasha ile? Akainama. Tukamwambia toba ya haki ya watu haikamiliki kwa istighfari peke yake mpaka mali irudi.

Kuhusu swali la kwanza tulimtenganishia yakini na dhana. Saini yako mwenyewe ni yakini, kwa kuwa unajua hukuhudhuria. Kwamba majina fulani yamo katika orodha ya semina na katika kitabu cha safari kwa tarehe moja, hiyo nayo umeiona kwa macho. Lakini kwamba fulani aliiba, hilo hulijui. Huenda tarehe imekosewa, huenda mtu ametiliwa saini bila habari yake. Suratul Israi, aya ya 36, inatukataza kufuata tusiyo na elimu nayo. Basi andika ulichokiona kwa hesabu, bila jina la mtu, na uandike kwamba ofisi haina utaratibu wa kulinganisha orodha ya mahudhurio na kitabu cha safari. Usiandike kwamba tatizo ni bajeti, kwa kuwa hilo unajua si kweli. Mweleze mhadhiri wako yote. Na ukiona jambo lenyewe ni jinai, wapo wenye mamlaka ya kulichunguza, na tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Alikwenda. Mhasibu alimcheka alipomwambia anataka kurudisha fedha, akamuuliza ziingizwe fungu gani. Alizungushwa siku tatu mpaka akapata stakabadhi. Msimamizi alikaa na ripoti yake muda mrefu bila kuisaini, na alipoisaini alimpa alama za chini kuliko wenzake wote waliokuwa hapo. Mhadhiri alimsikiliza, akaipokea ripoti yake kama ilivyo, lakini alama ya msimamizi ilibaki palepale. Baba yake hakusema naye kwa muda.

Hatuwezi kuwaambia wasomaji kwamba aliyefanya wema amelipwa hapohapo. Hajapata kazi mpaka tunapoandika haya. Tunachoweza kusema ni kwamba alitujia akatuonyesha ile stakabadhi ameikunja vizuri ndani ya msahafu wake, na akasema anapata usingizi.

Wajibu wetu wazazi

Tumejifunza katika kisa hiki kwamba mtihani wa kijana huyu haukuanzia ofisini. Ulianzia kwenye chumba asichoweza kukilipia. Mwanafunzi anayekwenda fildi kwa mkopo au bila kitu ni mwepesi wa kununuliwa. Jamaa mwenye chumba na ampe hifadhi. Mwenye uwezo na amchangie nauli na chakula kwa nia ya sadaka, akijua anailinda dini ya kijana. Na anaporudi tusimuulize kwanza amerudi na nini, tumuulize amejifunza nini. Mtoto aliyesikia tangu utotoni baba akisifiwa kwa ujanja wa kupata kilicho cha umma, tutamlaumu vipi akitia saini?

Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 135, anatuamrisha tusimame na uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Na katika Suratul Qasas, aya ya 26, mbora wa kuajiriwa ametajwa kuwa ni mwenye nguvu, mwaminifu. Mashehe wa zamani, akiwamo Ibn Taymiyya, wameijenga siasa nzima ya uongozi juu ya nguzo hizo mbili.

Swali aliloliacha

Tulipokwisha kuzungumza usiku ule, kijana alisimama kutaka kuondoka, kisha akasita mlangoni. Akasema kwa adabu: “Sheikh, samahani. Katika dodoso langu kuna swali, mapato na matumizi husomwa lini mbele ya wanaochangia. Msikiti wetu husomwa lini?”

Ndugu zangu, hatukuwa na jibu. Sisi ni miongoni mwa wanakamati wa msikiti huo, na kila Ijumaa kapu hupita. Fedha hazikuliwa, hilo tunalijua. Lakini kujua kwetu si ushahidi kwa waumini. Umar alijua wema wa Saad, na bado alituma mjumbe apite msikiti baada ya msikiti.

Ijumaa iliyofuata tulibandika hesabu za miezi sita kwenye ubao wa mlangoni. Mzee mmoja alizisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akagundua kosa la shilingi 15,000 katika malipo ya umeme. Tumelisahihisha. Na tunawaomba ndugu zetu wa kamati nyingine, kabla hatujawapeleka vijana wetu kwenda kuzihoji ofisi za serikali, tuwape ruhusa ya kuanza fildi yao kwenye milango ya misikiti yetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu wa kike na wa kiume, awape elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na atujaalie sisi na viongozi wetu kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana na ahadi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.